Ndoa ya Ada

Mashine kubwa ya kufulia ilikuwa imekwama tena, mlango umejifunga na maji machafu yamesimama nyuma ya kioo, na Uwineza alikuwa amepiga magoti mbele yake akichokonoa kichujio kwa mpini wa kijiko cha jikoni. Chumba cha kufulia cha nyumba ile ya wazee, huko Inver Grove Heights, Minnesota, kilikuwa chini ya ardhi na hakikuwa na dirisha. Joto la mashine za kukaushia lilikaa humo mwaka mzima, hata nje kukiwa na theluji ya Machi iliyochakaa na kugeuka rangi ya majivu kwenye maegesho. Mkono wake wa kulia haukuwa umepanda kupita bega tangu Krismasi. Meneja alimwonea huruma, akampa karatasi yenye picha za mazoezi ya kunyoosha viungo, kisha akamwachia mashuka yaleyale.

Alipoinua macho, Pacifique alikuwa amesimama mlangoni na sare zake za jeshi, kofia mkononi.

Pacifique alikuwa shemeji yake, mdogo wa marehemu mume wake, mtu wa kufanya kazi ghalani siku za wiki na kwenda jeshi la akiba wikendi moja kila mwezi. Hakuwahi kukanyaga kazini kwake. Mtu wa sare hakufuati mpaka chini ya ardhi kukuletea salamu.

"Joyeuse iko wapi?" aliuliza.

"Iko nyumbani. Iko muzima." Akavuta pumzi. "Mama Joyeuse, banakatala."

Hakuhitaji kuuliza ni kina nani wamekataa nini. Tangu Joyeuse, binti yake wa pekee, yuko shule ya kati, nyumbani kwao lilikuwepo jambo moja tu. Serikali humlipia askari chuo: ada, vitabu, na posho ya pango kila mwezi. Askari asipotaka kusoma, anaweza kumpa haki hiyo mke wake au mtoto wake, mradi akubali kuongeza miaka minne jeshini. Pacifique hakuwa na hamu ya kukaa darasani na watoto wa jana. "Ile ya jeshi ni ya Joyeuse," alisema siku moja mezani, mdomo umejaa sombe, na tangu siku hiyo likawa neno la familia. Kwa ajili ya neno hilo alikwenda kukaa jangwani Kuwait karibu mwaka mzima. Kanisani waliliombea kwa jina, GI Bill ya Joyeuse, na kina mama wazee wasiojua Kiingereza walilitamka kama jina la malaika.

Mtoto mwenyewe hakuwaangusha. Chuo kimoja cha binafsi, Saint Paul, kilimkubali moja kwa moja kwenye uuguzi. Chuo cha serikali nacho kilimkubali, lakini si kwenye uuguzi. Huko angekaa kwenye foleni na wenzake, na msaada wa jimbo ulikuwa wa vyuo vya serikali peke yake. Saint Paul walitaka jibu kufikia Mei mosi, na jibu walilolitaka ni nani atalipa.

Pacifique alieleza akiwa amesimama, maana hapakuwa na kiti. Asubuhi ile, kwenye mazoezi ya wikendi, alikwenda ofisini kukabidhi haki yake. Mama wa ofisini alifungua kompyuta, akamwambia kwamba kwa jeshi yeye hana mtoto. Pacifique akamwambia kwamba mahali pa mtoto alimwandika Joyeuse tangu siku ya kwanza. Mama akasema kuandika kwa kalamu si kitu, kompyuta inataka cheti.

"Ananiuliza: ni wako? Nikasema ni wangu. Ananiuliza: ulimuzala weye? Nikasema baba yake alikuwa mukubwa yangu. Akasema basi haiko mutoto wako, ni mutoto wa ndugu." Akaizungusha kofia. "Hakusema mubaya. Alisema na heshima yote."

Kwao mtoto wa kaka yako ni wako, basi. Pacifique ndiye aliyemfundisha Joyeuse baiskeli, ndiye aliyeitwa shuleni mtoto alipougua, na ndiye aliyeitwa papa. Katika miaka yote hiyo hakuna hata mmoja wao aliyewaza kwenda kortini kumwomba jaji amkabidhi mtoto ambaye tayari ni wake. Hilo ndilo lilikuwa kosa lao, na walilifanya kwa moyo mweupe kabisa.

Hata sasa korti ingeweza, alisema Pacifique, kama Joyeuse angekuwa bado chini ya miaka kumi na nane. Lakini alikuwa ameitimiza Januari mosi.

Januari mosi, bila shaka. Kambini Uganda, karani aliyewaandikisha alikuwa na foleni ndefu na jua kali, na kila asiyekuwa na cheti alizaliwa Januari mosi. Kanisani kwao Burnsville, mwaka mpya ukifika, nusu ya waumini wanatimiza miaka siku moja. Watu hucheka na kukata keki moja. Joyeuse alizaliwa Juni, maharage yakivunwa, kwenye nyumba ya udongo nje ya Masisi. Uwineza alijua kwa sababu alikuwepo. Lakini kurekebisha tarehe ni kesi, kesi inataka wakili, na Mei haikuwa mbali.

"Imebakia njia moja," alisema Pacifique.

"Sema."

Alitazama mashine, akatazama viatu vyake. "Mutoto wa kambo anaingia. Yule mama alisema hivi: kama mama yake ni bibi yako, wa ndoa ya loi, ya serikali, mutoto anaingia kwa ordinateur, kwa ile kompyuta yao, siku ileile."

Uwineza aliinamia tena kichujio. Alichomoa soksi nyeusi ya mzee fulani, imejikunja, akaiweka sakafuni, na mashine ikaanza kumeza maji yake.

"Nenda, shemeji," alisema. "Niko na kazi."

*

Mugabo, mume wake, aliuawa kwenye barabara ya Masisi na watu waliovaa sare. Sare za nani, hakuna aliyejua. Wakati ule kila mwenye bunduki alikuwa na sare. Uwineza alivuka mpaka na mtoto wa miezi michache mgongoni, nyuma ya mama mkwe wake Nyiraneza na kijana Pacifique. Kambini waliandikwa kadi moja ya chakula, na kadi ilikaa kwa Nyiraneza.

Maombolezo hayajapoa, Nyiraneza alisema lililo desturi: mjane ni wa ukoo, na ukoo uliobaki ni Pacifique. Atamrithi. Pacifique alikuwa na miaka kumi na tisa na hakuna aliyemuuliza. Uwineza alikataa. Siku aliyokataa, kadi ilifungwa kwenye kitambaa na kitambaa kikafungwa kiunoni mwa Nyiraneza, na tangu hapo akala kwa jembe, akiwalimia watu mashamba yao, Joyeuse akilia mgongoni. Wanaume wa ukoo walikuja mara mbili kumchukua kwa nguvu. Mara ya pili wanawake wa kanisa walimficha kwenye chumba cha kuwekea ngoma za kwaya. Mwishowe alisimulia yote mbele ya mzungu mmoja wa kike wa shirika la wakimbizi, ndani ya hema, machozi yamekauka tayari, na kwa sababu ya maneno hayo alipandishwa ndege na kuletwa Minnesota peke yake na mtoto wake. Wengine walimkimbia adui na bunduki. Yeye Marekani ilimpokea kwa sababu alikuwa akikimbia kitanda cha shemeji yake.

Kisa kingeishia hapo kama Pacifique angekuwa mtu mbaya. Alikuja miaka michache baadaye na mama yake, akabisha hodi Burnsville, akakaa kwenye ncha ya kochi na kuomba msamaha kwa jambo ambalo hakulitenda. Alimfundisha kuendesha gari kwenye maegesho ya maduka, Jumapili mchana, bila hata siku moja kupandisha sauti. Hakuwahi kumgusa mkono zaidi ya salamu. Uwineza alimpenda kama unavyompenda mdogo wako, na ndiyo maana safari hii hapakuwa na wa kumchukia, na bila wa kumchukia alijisikia amechoka mwili mzima.

Aliendesha kurudi nyumbani jioni ile akikwepa mashimo ambayo baridi huyachimba barabarani kila mwaka. Joyeuse alikuwa jikoni, chanuo mkononi. Alikwisha kusikia. Papa yake alikuwa amempigia simu.

Joyeuse huelewa Kiswahili chote, ila majibu yake hutoka kwa Kiingereza, na jioni ile yalitoka mafupi na yamepangwa. Alisema mama asijisumbue na mambo ya ndoa. Alisema suluhisho lipo: kama haki ya papa haipitishiki, atatafuta yake. Kulikuwa na sajenti mmoja, Brandon, anayekuja shuleni kwao na meza na fulana za bure. Ni mkarimu. Walikuwa wameongea tangu vuli. Atasaini sasa, atakwenda mafunzo baada ya mahafali, akirudi jeshi litamlipia chuo bila kumsumbua mtu. Wameshapanga siku.

"Siku gani?"

Alhamisi, si hii inayokuja, ile ya baada yake.

Uwineza aliweka mkoba wake mezani. Sauti yake ilitoka ya kawaida. "Haiwezekani. Iko lazima muzazi asaini. Mi sitasaini."

Joyeuse alimtazama kwa huruma, na huruma ile ndiyo iliyomuuma. Alimwambia taratibu kwamba saini ya mzazi ni ya watoto wa miaka kumi na saba. Yeye ana kumi na nane.

"Uko na kumi na saba," Uwineza alisema. "Mi nilikuwa pale."

Binti hakubishana. Alifungua pochi, akatoa leseni yake ya udereva na kuiweka mezani kati yao, picha ikitabasamu, Januari mosi imeandikwa chini yake. Kisha akarudi kwenye nywele zake.

*

Siku zilizofuata Uwineza alifua, akakunja, akafua. Alimsimulia Serah, mama wa Kikenya anayewahudumia wazee ghorofa ya juu, kwa sababu Serah ndiye aliyekuwa na mapumziko wakati mmoja na yeye, na ukikaa na siri peke yako inakula chakula chako.

Serah hakuona tatizo. "Wewe nawe! Hiyo ni makaratasi tu. Mnaenda kortini, mnasign, mnaishi kama brother na sister. Mtoi anasoma. Akimaliza mnaachana, life inaendelea. Hapa watu wameoana na watu hata majina hawajui."

Uwineza alicheka, mara ya kwanza wiki ile.

"Ama unaogopa atakusumbua?"

"Hapana. Ni mutu muzuri."

"Sasa shida iko wapi?"

Uwineza alilitafuta jibu kwenye kikombe chake cha chai. Angesema kwamba aliwahi kulala na njaa ili asiitwe mke wa mtu huyu. Kwamba kila alicho nacho, gari, funguo za nyumba, jina lake kwenye sanduku la barua, alikipata kwa sababu ya neno moja alilolisema kambini, nalo ni hapana. Lakini mapumziko yalikuwa yamekwisha, na Serah alikuwa tayari amesimama akifunga vifungo vya koti lake la kazi.

Na wala haikuwa makaratasi tu. Pacifique alirudi na maelezo kamili, akiyatoa moja moja kama mtu anayekuvua bandeji. Jeshi linawajua wanaooana kwa ajili ya posho. Wengine walifukuzwa, wengine wakafungwa. Kwa hiyo ni lazima wakae nyumba moja, anwani moja, na mama yake Nyiraneza anayeishi naye, mgonjwa wa sukari, asiyeweza kujipikia, atahamia nao. Wakiachana kabla Joyeuse hajamaliza, mtoto anatoka kwenye kompyuta. Na Pacifique, aliyekuwa akingoja kuvua sare mwaka huu kwa sababu ya magoti, ataivaa miaka minne zaidi, na kwenye kikosi minong'ono ya kupelekwa ng'ambo ilikuwa imeanza tena.

Mchungaji Byamungu ndiye aliyekuwa shemasi kambini siku zile, mwenye ufunguo wa chumba cha ngoma. Alimsikiliza Uwineza hadi mwisho, akamshika mikono. Kanisa, alisema, haliwezi kumruhusu mwanamume na mwanamke kukaa nyumba moja kwa hati ya serikali peke yake, watoto wanaangalia. Kama wanaamua, basi waamue kweli: watangazwe kanisani, wafungishwe, kwaya iimbe. Wakikaa bila hivyo, hataweza kuwapa meza ya Bwana. Uwineza alimuuliza kama anakumbuka chumba cha ngoma. Mchungaji alisema anakumbuka sana, na kwamba Mungu ana njia zake. Alisema kwa upendo. Wote siku hizo walisema kwa upendo.

Jumapili Nyiraneza alikuja. Pacifique alimshusha mlangoni na kuondoka kwenda kutia petroli, na petroli ile ilichukua mchana mzima. Mama mkwe alikuwa amevimba miguu, na alipanda ngazi akipumzika kila mara, mkono begani kwa Uwineza, bega lilelile bovu. Aliketi. Alikunywa maji. Kisha akaomba aonyeshwe vyumba.

Alisimama kwenye mlango wa chumba cha Joyeuse, akakipima kwa macho. "Kitanda yangu inaingia hapa," alisema. "Ya mutoto tunasukuma kwa dirisha."

"Bado hatujasema kitu, mama."

"Sikuje kukulazimisha. Mi ni muzee. Nani bado anaogopa muzee?" Alirudi sebuleni akikokota kandambili. "Kule ulikatala juu ulikuwa na nguvu. Ulikuwa na kanisa, ulikuwa na bazungu ya kukuandika. Nikasema, mumuache, siku moja atarudi kwa nyumba. Sasa angalia. Ile nilikuomba na mudomo, huku banakuomba na ordinateur. Baba yake Joyeuse anaweza kulala sasa."

"Ulinifungia chakula," Uwineza alisema. Hakuwahi kulisema mbele yake. Lilitoka bila hasira, kama mtu anayetaja hali ya hewa.

Nyiraneza alifikiri. Macho yake yalikuwa na utando wa sukari na haikujulikana yanatazama nini. "Ni kweli," alisema mwishowe. "Nilifunga. Vile ukoo haukuwa na kitu ingine ya kufunga." Akanyoosha miguu. "Nipakie mafuta hapa chini. Mi sifikie tena."

Uwineza alileta mafuta. Alipiga magoti kwenye zulia na kumpaka mama mkwe wake kuanzia magotini hadi vidoleni, ngozi imekaza na kung'aa, na wakati wote huo aliwaza kwamba Jumatatu atafua mashuka ya wazee mchana kutwa, kisha atarudi hapa na kuanza upya. Kilichomkasirisha ni kwamba alimwonea huruma.

Joyeuse alirudi kutoka kwaya, akamkuta bibi yake kwenye kochi na mama yake sakafuni, chupa ya mafuta kando. Akaelewa yote. Aliingia chumbani, mlango ukafungwa bila kishindo.

Usiku ule Uwineza hakumwendea. Alimwendea asubuhi, kabla ya shule, akiwa amevaa tayari kwa kazi. Alimwambia ampigie Brandon, amwambie haji. Joyeuse alikuwa akifunga kamba za viatu na hakuinua kichwa. Alijibu kwa Kiingereza kwamba hakumwomba mama yake afanye jambo lolote. Hakutaka kusoma kwa njia hiyo. Angependelea kubeba bunduki.

"Baba yako alikufa na bunduki."

Joyeuse alisema anajua. Alisema pia kwamba hamkumbuki, na kwamba anayemkumbuka ni mama aliyekuwa akimsimulia jinsi alivyokataa; kwamba hadithi ile aliiandika kwenye maombi yake ya chuo, na Saint Paul walimwandikia kumwambia imewagusa. Akanyanyua begi.

"Utamupigia?"

Alisema atampigia siku ambayo kompyuta itamkubali. Kabla ya hapo, Alhamisi ni Alhamisi.

*

Kwa hiyo wakaenda Jumanne. Kibali cha ndoa walikichukua Jumatatu, kabla ofisi haijafungwa, na mahakama ya kaunti iliwapa nafasi asubuhi kwa sababu wawili wengine walighairi. Ya kanisa ingefuata. Mchungaji angeanza kuwatangaza Jumapili inayokuja. Uwineza aliomba ruhusa ya nusu siku, akavaa kitenge alichokuwa nacho, cha buluu, na koti zito juu yake, kwa sababu Aprili ya huku si ya kuvaa kitenge peke yake. Pacifique alikuja na suti iliyomlegea mabegani.

Aliendesha polepole kwenye barabara kuu, malori yakiwapita. Walikuwa wameshafika nusu ya njia ndipo Uwineza alipouliza. Alijua, kama watu wote walivyojua, kwamba kulikuwa na mwanamke Mkenya kule Blaine, Mumbi, muuguzi, mtu mzima mwenye kicheko kikubwa, na kwamba Pacifique alikuwa amepanga kumtambulisha kanisani wakati wa Pasaka.

"Ulimuambia Mumbi?"

"Nilimuambia."

"Akasema nini?"

"Alinisikiliza. Halafu akaniuliza kama nitachukua sufuria zangu ao abaki nazo." Alibadilisha njia, akawasha taa ya kugeuka mapema mno, kama kawaida yake. "Nikasema abaki nazo."

Uwineza alitaka kumwambia pole, lakini aliona neno lenyewe ni dogo, na tena yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa sababu. Alitazama nje. Kwenye mabonde kando ya barabara theluji ilikuwa imeyeyuka na kuacha takataka za majira yote: vikombe, tairi, glavu moja moja.

"Mama Joyeuse," Pacifique alisema, "mi nitalala kwa salon. Miaka yote. Nakuapia."

"Najua."

"Mama anaweza kusema maneno. Usimusikilize."

"Najua, shemeji." Kisha akakumbuka kwamba ndani ya saa moja hatamwita tena hivyo, na hakujua atamwita nani.

Chumba kilikuwa kidogo, chenye zulia na bendera mbili, na kina joto zuri. Jaji alikuwa mwanamke wa makamo, miwani imening'inia kifuani kwa mnyororo, na alionekana kufurahia kazi hii kuliko nyingine za siku yake. Aliwashika mikono wote wawili. Alipogundua kwamba Uwineza anasitasita kwenye Kiingereza, hakukasirika hata kidogo. Alisema ni haki yake kuelewa kila neno, akasimamisha shughuli na kuagiza mkalimani kwa simu. Wakasubiri. Karani wa jaji aliwapa maji kwenye vikombe vya karatasi. Mwishowe sauti ya kiume ikatoka kwenye spika juu ya meza, Kiswahili sanifu, cha mtu wa Tanzania labda, ikijitambulisha kwa namba badala ya jina.

Jaji alisoma, sauti ikatafsiri. Majina yao, makazi yao, kwamba hawana ndoa nyingine. Kisha jaji akavaa miwani, akasogeza kiti mbele kidogo, na ilionekana kwamba sehemu hii haikuwa ya kusomwa tu. Pengine aliwahi kuwaona wanawake waliosimama hapo wakitetemeka. Aliongea akimtazama Uwineza peke yake.

"Mheshimiwa Jaji anasema," ilisema sauti, "kabla hatujaendelea, angependa kukuuliza wewe, mama, na ujibu bila hofu. Je, umekuja hapa kwa hiari yako? Kuna mtu yeyote anayekulazimisha kufunga ndoa hii? Kama yupo, mtaje, na shughuli hii itasimama sasa hivi. Hakuna atakayekudhuru."

Pacifique aliinamisha kichwa.

Uwineza alielewa kwamba mwanamke huyu anasema kweli. Kama angepewa jina, angelishika. Angeita askari kama ingebidi. Akaanza kulitafuta jina hilo kwa bidii, mikono imeshikilia kikombe cha karatasi, kama mtu anayepekua mifuko mlangoni watu wakimsubiri. Si huyu aliyesimama kando yake. Bibi kizee hakuweza hata kupaka miguu yake mwenyewe. Mama wa ofisini alisema kwa heshima yote. Karani wa kambini alikuwa na foleni ndefu, na Brandon ni mkarimu, anagawa fulana. Mtoto mwenyewe alisema hataki.

"Mama?" ilisema sauti. "Umelisikia swali?"

"Nimesikia."

"Jibu lako ni lipi?"

"Hakuna mutu," alisema Uwineza.

Sauti iligeuza maneno yale kuwa Kiingereza, na jaji akavua miwani, akatabasamu, akasema amefurahi sana kusikia hivyo.